Hakuna Kombe Lililookotwa

Jioni ya tarehe 19 Novemba 2023, Travis Head alipodakwa na kutoka uwanjani Ahmedabad, alikuwa ameshafikisha mikimbio 137, na Australia ilibakiwa na mikimbio 2 tu kuwa bingwa wa dunia wa kriketi kwa mara ya sita. Hapa Mombasa Magharibi ilikuwa imeshaswaliwa, kahawa imezunguka mara ya pili, na baraza limechafuka. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alijipiga paja akasema, "Bahati! Bahati tupu!" Nusu ya baraza ikamwitikia. India ilikuwa imeshinda mechi kumi mfululizo, nyumbani kwake, mbele ya watu zaidi ya 90,000, halafu ikaanguka siku moja tu iliyokuwa na maana.

Sikumjibu siku ile, kwa adabu. Lakini neno hilo nimelisikia likitupiwa karibu kila bingwa: India ya 1983 iliokota, Pakistan ilibebwa na mvua, Sri Lanka ilipewa pointi za bure, England iliiba. Ukiyakubali yote, katika mashindano 13 ya wanaume tangu 1975 hakuna aliyewahi kushinda kwa jasho lake. Ninaupenda mchezo huu kiasi cha kutoweza kuliachia neno hilo lipite, kwa hiyo nalijibu sasa, nikianza na hilo la Ahmedabad.

Australia ilianza mashindano yale vibaya. Ilifungwa na India pale Chennai, ikafungwa tena na Afrika Kusini pale Lucknow. Kuanzia hapo haikupoteza mechi tena: tisa mfululizo. Katikati yake kuna usiku wa Mumbai ambapo wapigaji saba walikuwa wameshatoka kwa mikimbio 91 dhidi ya Afghanistan, na Glenn Maxwell, misuli imekaza hata hawezi kukimbia, akasimama palepale akapiga 201 bila kutolewa. Head mwenyewe alikosa mechi za mwanzo kwa sababu ya kuvunjika mkono.

Na fainali yenyewe haikuanza kuamuliwa pale Head aliposhika gongo. Rohit Sharma alikuwa na 47 na anazidi kuwaka, akaupiga mpira wa Maxwell juu sana. Head akageuka, akakimbia akiwa ameupa uwanja mgongo, akajirusha na kuudaka. Tangu hapo wapigaji wa India walibanwa: katika ova 40 za mwisho mpira ulivuka kamba mara nne tu. Ova arobaini ni mipira 240. Kubanwa namna hiyo kunatokana na mpango, na mpango ule nahodha Pat Cummins aliuanza alipoipata kura akachagua kurusha kwanza, akijua kiwanja kikavu kitakuwa chepesi kwa mpigaji usiku. Wengi walimshangaa.

Mdako ule wa Head unanirudisha kwenye mwingine, na kwenye hoja kongwe kuliko zote barazani: kwamba India ya 1983 iliokota kombe Lord's.

Naelewa ilikotoka hoja hii. Kabla ya 1983 India ilikuwa imeshinda mechi moja tu ya Kombe la Dunia. Moja, katika mashindano mawili, na waliofungwa siku hiyo tulikuwa sisi: tarehe 11 Juni 1975, Headingley, timu iliyoitwa East Africa, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilitolewa yote kwa mikimbio 120. Mwaka 1979 India ilifungwa mechi zake zote, hata na Sri Lanka. Kwa hiyo mtu aliyeiona India ikiingia 1983 alikuwa na haki ya kuwaza kwamba imekuja kutembea.

Ila haki hiyo iliisha kwenye mechi ya kwanza. Pale Old Trafford India iliifunga West Indies kwa mikimbio 34, na West Indies ilikuwa haijawahi kufungwa kwenye Kombe la Dunia. Hata hilo halikuzuka hewani, kwa maana mwezi Machi mwaka huohuo, pale Berbice nchini Guyana, India ilikuwa imeshaifunga West Indies nyumbani kwake. Ilipofika fainali ya tarehe 25 Juni, India ilikuwa na ushindi mara mbili juu ya wababe wale ndani ya miezi mitatu. West Indies nayo ilikuwa imelipiza pale The Oval, na siifichi. Lakini timu mbili zinazofungana kwa zamu hivyo zimeshalingana.

Halafu kuna Tunbridge Wells. Dhidi ya Zimbabwe, wapigaji watano wa India walitoka kwa mikimbio 17. Kapil Dev, aliyekuwa ameshaingia, akaanza kwa subira, akamaliza na 175 bila kutolewa. Kamera za BBC hazikuwepo siku hiyo, na hadi leo hakuna filamu ya pigo hata moja. Mtu anayesema bahati aniambie ni bahati gani hiyo inayokaa na mtu kwa mipira 138.

Fainali sasa. India ilipata 183 tu. Gordon Greenidge aliinua gongo kuuacha mpira wa Balwinder Sandhu upite, mpira ukaingia ndani na kugonga vijiti. Viv Richards akaja, akapiga 33 kwa mipira 28, akiwa kama mtu mwenye haraka ya kwenda nyumbani. Akaupiga mpira wa Madan Lal juu, upande usio na mtu. Kapil alikuwa amesimama mbele. Akageuka akakimbia kurudi nyuma, mpira ukishuka kutokea nyuma ya bega lake, akaupokea kwa vidole akiwa bado mbioni. West Indies ikaishia 140. Mohinder Amarnath, ambaye hakuwa na kasi hata ya kumtisha kijana wa shule, alichukua wiketi tatu kwa mikimbio 12.

Wapinzani huja na karata yao ya mwisho: miezi michache baadaye West Indies ilikwenda India ikashinda mechi zote tano za siku moja. Kweli kabisa. Ila mwaka 1985, pale Melbourne, zilipokutana nchi zote kubwa za kriketi, India ilishinda tena. Na hata isingeshinda, kombe la Juni hutolewa kwa waliocheza Juni.

"Pakistan ya 1992 ilibebwa na mvua." Hapa nakubali sehemu. Adelaide, Pakistan ilitolewa yote kwa mikimbio 74 na England, mvua ikanyesha, pointi zikagawanywa. Pointi hiyo moja ndiyo iliyoiweka Pakistan juu ya Australia na West Indies na kuiingiza nusu fainali. Lakini wanaotaja Adelaide hawataji Brisbane. Siku saba baadaye, Pakistan ikiifukuza Afrika Kusini, mvua ilikatiza mchezo, ikapunguziwa ova kutoka 50 hadi 36 huku mikimbio iliyotakiwa ikishuka kidogo tu, kutoka 212 hadi 194. Ikafungwa. Siku hiyo ndiyo Jonty Rhodes aliporuka na mpira mkononi akaviangusha vijiti vyote vitatu kwa mwili wake na kumtoa Inzamam-ul-Haq. Mvua iliipa Pakistan na ikaipokonya.

Baada ya hapo hapakuwa na mvua ya kusingizia. Imran Khan na vijana wake walihitaji kushinda kila mechi, wakashinda tano. New Zealand ilikuwa haijafungwa hata mara moja. Waliifunga Christchurch, kisha wakaifunga tena kwenye nusu fainali Auckland, Inzamam akipiga 60 kwa mipira 37. Kwenye fainali Melbourne, Wasim Akram alitupa mipira miwili mfululizo ambayo nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Wa kwanza ulimjia Allan Lamb kama unaingia, halafu ukanyooka ukapita pembeni ya gongo na kugonga kijiti. Wa pili ulimkuta Chris Lewis, mgeni ndiyo kwanza amefika, ukaingia ndani na kumtoa. Aliyerusha vizuri kuliko wote upande wa England siku hiyo, wiketi tatu kwa mikimbio 22, alikuwa Derek Pringle, mzaliwa wa Nairobi. Baba yake, Don, alikuwamo kwenye ile timu ya East Africa ya 1975.

Kuhusu Sri Lanka ya 1996 madai ni kwamba ilifuzu kwa mechi mbili ambazo hazikuchezwa. Australia na West Indies zilikataa kwenda Colombo baada ya bomu la Benki Kuu la tarehe 31 Januari mwaka huo, na Sri Lanka ikapewa pointi. Haya yote ni kweli. Lakini waliokataa kuja ndio waliopoteza nafasi ya kuifunga, na Sri Lanka haikuomba isitembelewe. Kila timu nyingine iliyokutana nayo, iliifunga. Pale Delhi Sachin Tendulkar alipiga 137 na India ikapata 271. Sanath Jayasuriya akaanza kuwapiga warushaji kuanzia ova ya kwanza na mechi ikaisha ikiwa na wiketi sita mkononi. England ilifungwa Faisalabad, India ikafungwa tena Kolkata. Na kwenye fainali Lahore, Australia, ileile iliyokataa kwenda Colombo, ilikuwa imesimama mbele yao. Aravinda de Silva alichukua wiketi tatu, akadaka mara mbili, kisha akapiga 107 bila kutolewa. Kabla ya siku ile hapakuwa na timu iliyoshinda fainali ikipiga ya pili. Sri Lanka ndiyo iliyoanza.

England ya 2019 ndiyo inayonipa kazi, kwa sababu siku ile niliumia na New Zealand na bado naumia. Fainali ilikuwa mikimbio 241 kwa 241. Ova ya ziada, 15 kwa 15. Kombe likaamuliwa kwa kuhesabu mipira iliyovuka mpaka: England 26, New Zealand 17. Kanuni ilikuwa mbaya, na Oktoba mwaka huohuo iliondolewa. Lakini ilikuwa imeandikwa kabla ya mashindano, kila nahodha akiijua. Anayeshinda kwa kanuni mbaya hajaiba.

Tukio la mpira uliogonga gongo la Ben Stokes wa England alipokuwa amejirusha kuwahi mstari ni gumu zaidi. Waamuzi walitoa mikimbio sita. Simon Taufel, mwamuzi mstaafu anayeheshimiwa kuliko wengi, alisema baadaye kwamba ilipaswa kuwa mitano. Naamini alikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la waamuzi, si la Stokes, aliyeinua mikono hapohapo kuomba radhi. Na ova moja kabla ya hapo, Trent Boult wa New Zealand alimdaka Stokes kabisa, mpira mikononi, akapiga hatua moja nyuma na kisigino kikakanyaga kamba. Ikawa sita. Hapo hapakuwa na mwamuzi wa kulaumiwa, wala kanuni. Ni unene wa kamba na urefu wa unyayo.

Ya 1999 nitaipitia haraka. "Australia haikuifunga Afrika Kusini." Haikuifunga, walitoka sare ya 213 kwenye nusu fainali pale Edgbaston, na Australia ikapita kwa sababu ilimaliza juu kwenye hatua ya Super Six. Siku nne tu kabla, Headingley, timu hizohizo zilikutana na Australia ikashinda, Steve Waugh akipiga 120 bila kutolewa. Nafasi ya juu ilitokana na siku hiyo. Na yale maneno maarufu ambayo Waugh anadaiwa kumwambia Herschelle Gibbs baada ya kuuangusha mpira, kwamba ameliangusha Kombe la Dunia, Waugh mwenyewe amekana kuyasema. Tuyaache.

Kuna hoja nyingine ambayo hata wajuzi huitamka bila kufikiri: kwamba bingwa wa kwanza wa dunia ni West Indies ya Clive Lloyd, na kwamba England ilingoja hadi 2019. Kombe la Dunia la kwanza la kriketi lilichezwa na wanawake, mwaka 1973, miaka miwili kabla ya wanaume. Rachael Heyhoe Flint alilihangaikia, mfanyabiashara Jack Hayward akatoa pauni 40,000, na kwenye fainali pale Edgbaston Enid Bakewell alipiga 118, England ikaifunga Australia kwa mikimbio 92. Wakati huo wanawake walikuwa hawajaruhusiwa kucheza Lord's. Walikuja kuruhusiwa 1976. Kufikia 2019 wanawake wa England walikuwa wameshatwaa kombe mara nne. Wa Australia wanayo saba, New Zealand moja, na mwaka 2025 India ikapata la kwanza kwa kuifunga Afrika Kusini pale Navi Mumbai. Nikiulizwa bingwa wa kwanza ni nani, jibu langu ni England ya Heyhoe Flint.

Nimeiweka nyuma hoja inayonigusa zaidi. Nayo husemwa kwa sauti ya upole, kama kumwonea mtu huruma: historia hii ni ya wengine, sisi Waafrika Mashariki hatumo.

Tumo tangu siku ya kwanza. Timu ya 1975, nahodha Harilal Shah, ilikuwa moja ya timu nane zilizofungua mashindano. Ilifungwa mechi zote tatu, na kwa mbali. Alikuwamo John Nagenda wa Uganda, mwandishi, aliyekuja kuwa mshauri wa Rais Museveni. Alikuwamo Shiraz Sumar wa Tanzania. Watu wenye kazi zao, waliokwenda kukutana na wachezaji wakubwa wa dunia.

Miaka 21 baadaye, tarehe 29 Februari 1996, Kenya iliingia uwanjani Pune ikatolewa yote kwa mikimbio 166. Mfungaji mkubwa alikuwa Steve Tikolo na 29. West Indies ilikuwa na Brian Lara, na Lara aligusa mpira wa Rajab Ali ukamwendea mlinda wiketi Tariq Iqbal, akaubana mwilini hadi akawa na hakika kwamba anao. West Indies ikatolewa kwa 93. Maurice Odumbe alichukua tatu kwa mikimbio 15. Husemwa kwamba West Indies ile ilikuwa imechoka. Iliyochoka hiyo iliitoa Afrika Kusini robo fainali, na nusu fainali ikafungwa na Australia kwa mikimbio 5. Timu iliyoikosa fainali kwa mikimbio 5, Kenya iliifunga kwa 73.

Nusu fainali ya 2003 nayo hupunguzwa: Kenya ilifika kwa sababu New Zealand haikuja Nairobi. New Zealand haikuja, ni kweli, na pointi zile zilisaidia sana. Bila hizo hesabu isingetimia. Ila Sri Lanka ilikuja. Pale Nairobi Gymkhana, tarehe 24 Februari, Collins Obuya alichukua wiketi tano kwa mikimbio 24 na Kenya ikashinda kwa 53. Sri Lanka hiyo nayo ilifika nusu fainali. Kenya ikaifunga Bangladesh, ikaifunga Zimbabwe iliyokuwa na hadhi ya kucheza mechi za Test. India ndiyo iliyoizuia Durban, kwa mikimbio 91, Sourav Ganguly akipiga mia. Na mwaka 2024 Uganda ilicheza Kombe la Dunia la ova 20 kwa mara ya kwanza, ikaifunga Papua New Guinea, Frank Nsubuga wa miaka 43 akirusha ova nne kwa mikimbio minne.

Lakini barazani kwetu jina hutajwa moja. Australia ya 2003 ilishinda mechi zake zote 11, na fainali iliipiga India kwa 125. Hakuna bingwa aliyekuwa na nguvu kuliko ile. Tarehe 15 Machi, Durban, ilikuwa inaifukuza Kenya kwa mikimbio 175 tu, na Adam Gilchrist alikuwa ameshaanza kuimaliza mapema. Tikolo akampa mpira Aasif Karim, mtoto wa Mombasa hii, miaka 39, aliyekuwa ameshastaafu akaitwa kurudi. Karim hakuwa na kasi. Alikuwa na mkono wa kushoto, hatua chache, na mpira uliodondoka palepale, kila mara palepale. Alimtoa Ricky Ponting, akamtoa Darren Lehmann, akamtoa Brad Hogg. Australia ilishinda mwishowe, kwa wiketi tano mkononi, na tuzo ya mchezaji bora wa mechi ikaenda kwa Karim. Alirusha ova nane na mipira miwili. Ova sita kati ya hizo hazikuzaa hata mkimbio mmoja. Mabingwa wa dunia walipata kwake mikimbio saba.